Safari ya Baisikeli katika Ng'ambo ya Unguja

Wanafunzi wamezoea kuhakiki vitabu. Hupewa hadithi au utenzi, wakaulizwa kama mtungaji ametimiza alilolikusudia, kama watu wake wanaaminika, na kama maneno yake yanalingana na mambo anayoyasimulia. Mara chache huambiwa ya kwamba iko kazi nyingine ya masimulizi inayostahili kupimwa kwa mizani hiyo hiyo, nayo ni kazi ya kiongozi anayewatembeza wageni mjini. Yeye naye ni mtungaji. Huchagua pa kuanzia na pa kuishia. Huchagua la kusema na la kunyamazia. Wengine huwapamba, na wengine huwasahau. Tofauti yake na mwandishi ni kwamba kurasa zake ni mitaa, na watu waliomo katika kurasa hizo wako hai, wamekaa barazani, nao wanamsikia.

Nataka katika insha hii kuipima safari moja ya namna hiyo niliyoifuata katika mji wa Unguja. Ilikuwa safari ya baisikeli, ya muda wa saa tatu, na ahadi yake ilikuwa kutuonyesha mitaa ambayo wageni wengi hawaifikii. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana sina ugomvi nayo, na makosa nitakayoyaeleza si yake peke yake. Nimeyaona mfano wake Mombasa, mji wangu mwenyewe, na sina shaka yako Lamu na kwingineko.

Kwanza yafaa msomaji aujue mji wenyewe. Mji wa Unguja ulianza juu ya rasi ndogo iliyokaribia kuwa kisiwa. Upande wa magharibi ilikuwako bahari yenye majahazi. Upande wa mashariki hori la maji ya chumvi, ambalo watu waliliita Pwani Ndogo, liliingia ndani likaitenga rasi hiyo na sehemu nyingine ya kisiwa. Juu ya rasi zilijengwa nyumba za mawe na chokaa, za ghorofa mbili na tatu, zenye milango ya nakshi ambayo sifa zake zimefika mbali. Upande wa pili wa maji ulikaa mji mwingine, wa nyumba za kukandika kwa udongo na kuezekwa kwa makuti. Huo ndio Ng'ambo. Palikuwa na daraja la kuziunganisha pande hizo mbili, na ingawa hori lenyewe lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, hata leo mahali hapo panaitwa Darajani. Watu huvuka bila ya kujua kwamba wanavuka. Juu ya kifusi hicho inapita barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo zamani iliitwa Creek Road.

Litazame vema jina hilo la Ng'ambo. Hapana mtu anayeiita nyumba yake ng'ambo hali amekaa ndani yake. Neno hili halina maana mpaka pawe na msemaji aliyesimama ukingo wa pili akinyosha kidole. Mwenyeji wa kisiwa cha Mombasa husema Likoni ni ng'ambo, walakini mwenyeji wa Likoni akiwa kwake, ng'ambo yake ni kisiwani. Huko Unguja mambo hayakwenda hivyo. Upande mmoja ulipata uwezo wa kutoa majina, na upande wa pili ukalipokea jina lake kutoka kwa jirani, ukalizoea, ukalipenda, na mwisho ukajivunia. Mtu wa Mwembetanga leo atakwambia kwa fahari kwamba yeye ni mtoto wa Ng'ambo. Lakini asili ya jina haifutiki kwa mapenzi, na kila safari inayoanzia upande wa mawe kwenda "kuiona Ng'ambo" hulirudia lile lile la kunyosha kidole.

Dunia nayo imeongeza uzito katika mizani ya upande mmoja. Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na mpaka wa urithi huo ukakomea palipokuwa pakikomea maji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka, habari zilienea ulimwenguni, na ilikuwa haki zienee. Nyumba ya udongo ikianguka Kisima Majongoo wakati wa masika, habari hufika mpaka nyumba ya tatu.

Kwa hiyo nilipoona tangazo la safari ya kwenda Ng'ambo kwa baisikeli nilifurahi, nikalipa. Tulikuwa watu tisa pamoja na kiongozi: wageni saba kutoka Ulaya, mimi, na kijana mwenyewe aliyetuongoza, mcheshi, mwenye Kiingereza kizuri na miguu yenye nguvu kuliko ya kwangu.

Chombo chenyewe nakisifu bila ya kusitasita. Anayepita Ng'ambo ndani ya gari haoni ila kuta na migongo ya watu wanaojibanza kumpisha. Anayetembea kwa miguu huona zaidi, ila huchoka kabla hajafika mbali, kwa maana Ng'ambo ni kubwa kupita Mji Mkongwe mara nyingi. Baisikeli iko kati ya mambo hayo mawili. Mwendo wake ni wa mtu anayeweza kusalimu na akajibiwa kabla hajapita. Mtu juu yake husikia cherehani nyuma ya dirisha, watoto wa chuoni wakisoma kwa sauti moja, kinu kikitwangwa uani. Hunusa mkate wa ufuta kabla hajauona. Kadhalika baisikeli si mgeni katika mitaa hiyo. Kwa muda mrefu imebeba samaki, madafu, mikate, kuni na watoto wa shule, na fundi aliyeweka miti ya boriti juu ya keria hakuonekana kioja. Anayefika kwa chombo cha fundi hafiki kwa kiburi.

Hayo ni kweli kwa baisikeli moja. Baisikeli tisa zikifuatana kama siafu ni jambo jingine. Hujaza kichochoro, huwasimamisha wachukuzi wa rukwama, huwafanya wanawake wavute kanga zao na kuingia ndani. Kasoro ya kwanza ya safari yetu, basi, ilikuwa ya hesabu tu, na dawa yake ni nyepesi: watu watatu au wanne wangepita kama watu, ilhali sisi tulipita kama msafara.

Tulipokuwa Vikokotoni mnyororo wa baisikeli yangu ulichomoka. Fundi mmoja aliyekuwa kando ya njia aliurudisha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa na andazi, akaniuliza, "Mwenda wapi nyote hivi?" Nikamjibu kwamba hatwendi mahali, twatembea tu. Alicheka mpaka akakohoa. Nikaona haya kidogo, kisha nikacheka naye, maana hapakuwa na jawabu bora.

Sasa nije kwenye masimulizi. Kiongozi wetu alianza kwa kutuambia kwamba Mji Mkongwe ulikuwa wa matajiri na Ng'ambo ya maskini; kule Waarabu na Wahindi, huku Waafrika. Sentensi kama hii hupendwa kwa sababu hushikika upesi, kama kibuyu chenye mpini. Lakini haichukui maji. Katika Mji Mkongwe waliishi pia wavuvi, mabaharia, wachukuzi na watumwa waliolala chini ya ngazi za mabwana zao. Huko Ng'ambo walikuwako Waarabu wasio na kitu na Wahindi wenye maduka madogo ya chumvi na mafuta ya taa, pamoja na Wangazija, na watu wa bara ya Afrika wa kila kabila. Baada ya hali ya utumwa kufutwa kwa sheria mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa walihamia Ng'ambo kutafuta maisha ambayo hapana mtu atakayewapigia kengele kuwaita. Na baada ya mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizoachwa au kutwaliwa zilikaliwa na watu waliotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Watu wamevuka daraja lile mbele na nyuma kwa zaidi ya karne nzima. Aligawanyaye mji kwa kisu kimoja hurudia mgawanyo wa wakoloni, ambao katika mipango yao, kama ule wa Lanchester wa mwaka 1923, waliitazama Ng'ambo kama mtaa wa wenyeji unaohitaji utaratibu wake wa peke yake.

Kisiwandui alisema vizuri. Hapo yalikuwa makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, na hapo Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 na ndipo alipozikwa. Kijana yule alieleza kwa utulivu, hakutia chumvi, tena akatufahamisha kwamba jina la mahali lasimulia habari ya zamani zaidi: kisiwa cha ndui. Kwa kuwa aliyajali majina, nilitumaini atayaeleza na mengine. Majina ya Ng'ambo ni kitabu kizima. Kuna mitaa ya miembe, Mwembetanga, Mwembeshauri, Mwembeladu, Miembeni, hata mtu akadhani alikuwa shambani. Kuna Kikwajuni cha mkwaju na Gulioni pa gulio. Kuna Kariakoo, ambayo asili ya jina lake ni lile jeshi la wapagazi waliochukuliwa na Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, jina ambalo msomaji wa Nairobi analijua sokoni kwao na wa Dar es Salaam vile vile. Kuna hata mtaa unaoitwa Mombasa. Nilimwuliza kama tutaupita, nikaambiwa uko mbali na njia yetu. Nikasikitika kama mtoto.

Michenzani ndipo nilipoanza kukunja uso. Msomaji asiyepajua apige picha moyoni: majengo marefu ya saruji, ya ghorofa nyingi, yamepangwa kando ya njia mbili pana zinazokatana kama msalaba, na katikati mzunguko wa magari. Yalijengwa kuanzia zama za Karume, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, baada ya majengo mengine ya namna hiyo kutangulia Kikwajuni na Kilimani. Nia ilikuwa kubwa: kumtoa mtu wa Ng'ambo katika nyumba ya udongo na kumweka katika nyumba yenye umeme, choo na maji ya mfereji. Ili kuyapa nafasi majengo hayo nyumba nyingi za zamani zilivunjwa, na mitaa iliyokuwa imesukana kama mkeka ikakatwa kwa mistari iliyonyoka. Je, lilikuwa jambo jema au baya? Hilo ni swali la kweli, na wakazi wenyewe hawaafikiani. Wako wanaokumbuka kwa shukrani siku waliyopewa ufunguo, na wako wanaokumbuka uani.

Kiongozi wetu alisema, "Majengo haya ni zawadi ya Wajerumani," akawaruhusu watu wapige picha, akapiga kengele, tukaondoka. Dakika nne! Mahali ambapo maisha ya maelfu ya watu yalibomolewa na kujengwa upya, tulipapa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Wageni waliyaona majengo kuwa mabaya, wakasema hivyo kwa sauti, na hapana aliyewaeleza kwa nini mtu aweza kuyapenda.

Kimya cha aina hiyo sikisamehe. Kimya kingine nakisamehe. Tulipofika Raha Leo, penye jumba la mikutano la zama za ukoloni na redio ambayo kwayo matangazo ya mapinduzi yalisikika tarehe 12 Januari 1964 na siku zilizofuata, kijana alilitaja jambo hilo kwa maneno machache, macho yake yakitazama usukani. Katika siku zile wengi walikufa na wengi walihama, na wajukuu wa pande zote wanakutana kila asubuhi Darajani kununua samaki. Mtu aliyezaliwa mahali hapo ana haki ya kupima maneno yake mbele ya wageni wenye kamera. Mhakiki asiyejua kutofautisha kimya cha uvivu na kimya cha heshima afadhali aache kazi.

Badala yake alitusimulia habari za Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyeishi mtaani humo na kufariki tarehe 17 Aprili 2013, na wageni wakafurahi kusikia alivyovuta sigara hata uzeeni. Sikatai. Lakini nilingoja jina la pili, la mtangulizi wake, nalo halikuja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akauza vyungu, kisha akahamia mjini akaishi Ng'ambo, na sauti yake ikawafanya matajiri wa upande wa mawe wamwite katika majumba yao. Mwaka 1928 alisafiri kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Aliimba kwa Kiswahili visa vya mitaani, mashitaka na hukumu, dhuluma za wakubwa na upumbavu wa wadogo. Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao baadhi yenu mmeusoma shuleni. Kuwatembeza watu Ng'ambo kwa saa tatu bila ya kumtaja Siti ni kama kusimulia utenzi na kuliacha jina la shujaa.

Mwaka ule ule wa 1928 lilitokea Ng'ambo jambo jingine ambalo nalo halikutajwa, nami sina budi kulieleza kwa urefu, kwa kuwa ndilo lililonigusa. Zamani mtu aliweza kujenga nyumba Ng'ambo juu ya kiwanja kisicho chake. Nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga. Ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya mwingine, tajiri, au ilikuwa wakfu. Aghalabu hapakuwa na kodi, au palikuwa na kitu kidogo tu, na fungamano lililokuwapo lilikuwa la heshima na hisani zaidi kuliko la fedha. Kisha mambo yakabadilika. Ardhi ikawa biashara, viwanja vikabadili mikono, wenye ardhi wakaanza kudai kodi, na kodi ikapanda. Mtu akajikuta anatozwa kwa sababu ya kusimama palepale aliposimama baba yake. Hapo watu wa Ng'ambo, wake kwa waume, walikataa kulipa, wakakataa kwa pamoja, mtaa baada ya mtaa, hata serikali ya kikoloni ikalazimika kuingilia kati. Profesa Laura Fair, katika kitabu chake juu ya Ng'ambo ya zama hizo kilichotolewa mwaka 2001, ameyaweka mgomo huo na nyimbo za Siti pamoja, kwa sababu yalikuwa maneno ya watu wale wale waliokuwa wakijifunza kusema kwamba wao nao ni wenye mji.

Nimesema jambo hili limenigusa. Huko kwetu Majengo, Mombasa, ziko nyumba nyingi za namna hiyo, ambazo wenyewe huziita nyumba bila ardhi. Bibi yangu alikuwa nayo moja. Nilipokuwa mdogo alinituma kila mwezi kupeleka kodi ya kiwanja, pesa zimefungwa katika ncha ya leso, nami sikuelewa kwa nini mtu mwenye nyumba yake alipie kodi. Nilidhani ni deni la mchele. Kwa hiyo nilipokuwa nikiendesha baisikeli katika vichochoro vya Mwembeshauri sikuwa mtalii barabara. Nilikuwa natafuta, pasipo kujijua, mtu wa kunieleza habari za leso ile. Kiongozi alikuwa akituonyesha milango iliyopakwa rangi nzuri.

Ndipo tukasimama mbele ya nyumba moja ya kukandika, yenye baraza pande mbili za mlango na bati lililopata kutu. Kiongozi alieleza namna nyumba ya Kiswahili inavyojengwa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na alieleza sawasawa. Akaongeza kwamba hii ni nyumba ya kale kabisa, imebaki kama ilivyokuwa. Wageni walitoa kamera. Bibi mmoja mzee alikuwa amekaa barazani akichambua mchele katika ungo. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akamwuliza kijana kwa sauti ya kawaida, "Mwatazama nini hapa?"

Kijana aliwageukia wageni, akawaambia kwa Kiingereza ya kwamba bibi anatukaribisha.

Wageni walitabasamu, wakampungia mkono. Wakapanda baisikeli zao wakaenda. Mimi nilijifanya nakaza kanyagio, nikabaki nyuma.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe Mswahili. Hebu nambie, watazama nini?"

"Nyumba yako, bibi. Wameambiwa ni ya kale, haijabadilika."

"Kale gani? Ukuta huu niliukandika upya mwaka jana, na fundi bado anidai." Akageuza ungo upande wa pili. "Mwambie huyo kijana aje aniulize mwenyewe. Mamake namjua."

Katika maneno hayo machache imo hukumu yote ya safari yetu, wala sijui kama nitaweza kuieleza vizuri kuliko alivyoieleza yeye. Nyumba ya udongo haibaki kama ilivyokuwa hata mwaka mmoja. Mvua huila, mchwa huila, na mwenyewe huirudisha. Fito hubadilishwa, udongo hukandikwa, makuti huwa bati, baraza hutiwa saruji. Ukale wake haumo katika kitu, umo katika kazi isiyokatika. Kumwambia mgeni kwamba nyumba ile haijabadilika ni kuifuta kazi ya bibi yule pamoja na deni la fundi wake. Na tafsiri ile! Mwenyeji aliuliza swali, nalo swali likavukishwa maji likafika ng'ambo limekuwa makaribisho. Mfasiri wa kitabu akifanya hivyo tungemkataa. Kiongozi wa wageni hufanya hivyo kila siku, na hulipwa, kwa sababu mgeni amenunua makaribisho, hakununua maswali.

Naogopa msomaji asije akaniona namlaumu kijana. Mgeni aliyekaa Mji Mkongwe siku tano bila ya kuvuka Darajani ameondoka na habari ndogo kuliko wale saba wenzangu, na wawili kati yao, lazima niseme, waliuliza maswali ya maana juu ya shule na maji. Kazi nzuri zaidi yawezekana. Wapangaji wa mji wa Zanzibar walipoanza mpango walioupa jina la Ng'ambo Tuitakayo, waliwauliza wakazi mahali wanapopathamini, na mahali pa namna hiyo si lazima pawe pazuri kwa picha: huweza kuwa kisima, kinyozi, kiwanja cha mpira, mti. Safari ya baisikeli ingeweza kuanza kwa orodha kama hiyo.

Tulirudi kwa njia ya Kikwajuni na Mnazi Mmoja. Wageni walimpa kijana bakshishi, wakaagana naye kwa furaha. Nilibaki kumsaidia kuziingiza baisikeli bandani, nikamwambia niliyoyasikia kwa bibi wa Mwembeshauri. Alinyamaza kidogo akifungua skurubu ya kiti changu.

"Mwalimu," akasema, "ile ni karatasi tuliyopewa. Imeandikwa pa kusimama na la kusema. Hawaulizi zaidi."

Nikamwuliza kama yeye mwenyewe ni wa Mji Mkongwe.

"Mimi? Mimi wa Michenzani. Bibi yangu alikuwa na nyumba pale kabla ya majumba kuja. Alipewa mlango ghorofa ya nne. Akishuka kila alasiri kukaa chini, kwa kuwa kule juu hakuna baraza."

Jioni yake tulikwenda wawili, kwa miguu. Alinichukua mpaka kwenye kona ya jengo moja, akaweka mgongo ukutani, akahesabu hatua kuelekea barabarani. Zilikuwa kumi na moja. Gari dogo la abiria lilipita, tukalipisha, kisha akarudi palepale akapiga mguu chini mara mbili.

"Hapa ndipo palipokuwa jikoni," akasema. "Mama alinionyesha."